Ruzuku ya serikali kwa bustani za mjini Arusha, ipo kweli au ni mkopo?

Neema_Sombetini:

Wakuu habari za jioni, naomba mnisaidie kwa hili mana huku mtaani kila mtu ana lake. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Sombetini hapa Arusha, tuko kumi na mbili, tulianza na kikoba cha kawaida cha kuweka hisa na kukopeshana, baadae mwenzetu mmoja akaja na wazo la bustani, familia ya mume wake ina kiwanja hakijajengwa upande wa kwenda Kwa Mrombo wakaturuhusu tulime mpaka watakapoanza ujenzi. Tukaanza na magunia yale ya kilo mia, unajaza udongo na samadi, katikati unapitisha kokoto ili maji yafike chini, pembeni unatoboa unapanda sukuma na spinachi. Chini tuna matuta ya mnavu na mchicha. Wateja sio shida kabisa, jioni wanakuja wenyewe na mama ntilie wanaagiza tangu asubuhi.

Shida ni maji. Tunabeba madumu kutoka bomba la jirani na tunamlipa kwa dumu, kwaiyo kiangazi mboga zikiwa na bei sisi ndio hatuna mboga, tunakuja kuwa nazo kwa wingi kipindi cha masika ambapo kila mtu ana mchicha nyuma ya nyumba. Tunataka simtank la lita elfu tano, mipira ya matone na neti ya kivuli, basi.

Sasa kwenye mkutano wa mtaa tumesikia serikali inatoa ruzuku kwa vikundi vinavyolima mjini, hasa maeneo ya watu wa hali ya chini kama huku kwetu. Mwenyekiti kasema tuandike andiko la mradi. Kijana wa steshenari kasema atatuandikia kwa laki mbili ila tusiweke magunia, tuweke kitalu nyumba, ile nyumba ya plastiki ya kulimia, cha nyanya na hoho, milioni ishirini na tano, eti ndio wakubwa wanapenda kuona.

Naomba kujua, hii hela ni ruzuku au ni mkopo? Kiwanja cha kuazima kinakubalika? Na wenzetu wawili wako TASAF, ule mfuko wa serikali wa kaya maskini, na mmoja anatembelea magongo, hao wanatuharibia maombi au wanatusaidia? Asanteni.

Chalii_wa_Unga:

Dada acha kuota mchana. Hela ya serikali ya bure wewe umeiona wapi, labda uwe shemeji yake diwani. Hao jamaa wanakuja na kamera wanapiga picha na sukuma zenu wanasepa.

Mstaafu_Maendeleo:

Dada Neema, hongereni kwanza. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii ngazi ya kata mpaka nimestaafu, sio hapo jijini ila utaratibu ni mmoja nchi nzima, kwaiyo nisome taratibu.

Mwenyekiti wenu kachanganya vitu. Anachokisema ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Iko kwenye kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na tangu marekebisho ya 2018 ni lazima kila halmashauri itenge, sio hisani ya mkurugenzi. Inagawanywa asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Huu ni MKOPO. Hauna riba hata senti, ila mtarudisha shilingi kwa shilingi, na kikundi kikishindwa hakuna kujificha kwamba tulidhani ni msaada. Nimeona vikundi vinapokea hela wanagawana siku hiyo hiyo pale pale nje ya benki kwa sababu kuna mtu aliwaambia ni ruzuku. Kwaiyo hilo liweni nalo wazi wote kumi na mbili, hata yule asiyekuja vikaoni.

Chalii hajakosea sana kwenye hasira yake. April 2023 serikali iliisimamisha hii mikopo nchi nzima kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Kuna halmashauri 10 ziliwekwa za majaribio ambapo hela inapitia benki, kwa kanda yetu hii Siha na Mji wa Mbulu zimo, Jiji la Arusha halimo, kwaiyo nyie njia yenu ni ya kata na kamati zake. Unaanza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu. Mnasajili kikundi, siku hizi usajili ni wa kwenye mfumo unaitwa Wezesha, hakikisheni kila mmoja ana namba ya NIDA na majina yafanane na ya NIDA herufi kwa herufi, hapo ndipo watu wengi wanakwama kwa wiki nzima kisa mtu anaitwa Mwanaidi kwenye katiba na Mwanahidi kwenye kitambulisho. Mnahitaji katiba, mihtasari ya vikao, akaunti ya benki ya jina la kikundi na andiko la mradi. Wataalamu watakuja kuuona mradi kwa macho. Idadi ya chini kwa kikundi cha wanawake ni watano, nyie mmepita.

Laki mbili ya steshenari msitoe. Kuwasaidia kuandika andiko ni kazi ya huyo afisa wa kata na analipwa mshahara kwa hiyo kazi. Mlipeni kijana hela ya kuchapa na kutoa kopi.

Kuhusu mwenzenu wa magongo, hatawaharibia chochote. Na kwa fungu la asilimia 2 kanuni zinaruhusu hata mtu mmoja peke yake aombe, kwaiyo kama anataka kuwa na magunia yake nyumbani ana mlango wake. Muulizeni afisa kama akiomba kule anabaki kuwa mkopaji kwenye kikundi au anakuwa mwanachama tu.

Hao wa TASAF sasa ndio wenye kitu kinachoitwa ruzuku kweli. Mbali na ile hela ya kaya, kuna ruzuku ya uzalishaji, mlengwa anapewa mafunzo, anaandika mpango mdogo wa biashara, anapewa mtaji ambao harudishi. Inakwenda kwa kaya, haiji kwenye kikundi, na inatolewa kwa awamu, kwaiyo wamuulize msimamizi wao wa mtaa kama awamu yao imefika. Msije mkawalazimisha waimwage kwenye mfuko wa kikundi, hapo mtagombana mpaka kanisani.

Neema_Sombetini:

Asante sana baba angu, kwa kweli nimeelewa kuliko mkutano mzima. Sasa niambieni kuhusu hicho kitalu nyumba mana wenzangu wameshaanza kukipenda, kijana kawaonyesha picha kwenye simu nyanya zimening'inia kama zabibu.

Pasua_Mboga:

Dada mi niko Moshi, Pasua, hii ndio kazi inayonilisha mimi na wanangu. KITALU NYUMBA KIACHENI. Nasema kwa herufi kubwa ili wenzako wasome na wao.

Kuna kikundi jirani na mimi walikopa wakajenga, msimu wa kwanza nyanya zilitoka nzuri tukaenda mpaka kupiga picha. Msimu uliofuata kantangaze kaingia, yule mdudu wa nyanya. Kile kipepeo tangu kilipoonekana Ngarenanyuki huko kwenu 2014 hakijawahi kuhama, na kikiingia ndani ya kitalu ambacho mlango unaachwa wazi wakati wa kubeba maji ni sherehe. Upepo nao ukachana plastiki, kuibadilisha ni hela ambayo haikuwa kwenye andiko, na marejesho yanasubiri kila mwezi. Nyanya inakaa zaidi ya miezi miwili shambani kabla hujachuma ya kwanza, na ukichuma unakuta sokoni Mbuyuni wamemwaga za Lushoto bei imeanguka. Wewe unadaiwa kila mwezi, zao lako linalipa mara mbili kwa mwaka. Hesabu hiyo haikai.

Mboga za majani ni tofauti. Mchicha wiki tatu mpaka nne umeshang'oa. Chainizi kama mwezi na kidogo. Sukuma ukianza kuchuma unachuma kwa miezi, mnavu ukiukata vizuri unachipua tena. Hela ni ndogo ndogo lakini inaingia kila wiki, na ndio inayoendana na marejesho. Kwaiyo kwenye andiko andikeni hicho hicho mnachofanya, tenki, mipira, neti. Tena mna bahati, nyie mradi upo tayari, wakija kuangalia wanakuta sukuma na wateja wamesimama, wengi wanaoomba wanaonyesha kiwanja kitupu na maneno.

Sasa jambo la hesabu. Msipige mauzo ya Septemba wakati mboga ni dhahabu halafu mkasema kila mwezi tutapata hivi. Chukueni mwezi mbaya kuliko yote. Kwetu Moshi ni April na Mei, mvua imejaa, fungu la mchicha unalitoa kwa bei ya kutupa. Nyie Arusha mna na ile baridi ya Juni Julai mboga zinadumaa, hazikui zinakuangalia tu. Rejesho liwe lile ambalo hata April mnaweza kulitoa bila kugusa hisa za kikoba. Likiwa dogo sana maana yake mkopo mnaotaka ni mkubwa sana, punguzeni. Mi naona nyie hata milioni nne nyingi.

Na mbegu msiokote okote sokoni. Mko pua na mdomo na Tengeru, kuna TARI, watafiti wa kilimo wa serikali, na kuna kile kituo cha utafiti wa mboga cha dunia, mnavu wa Nduruma na Olevolosi umetokea huko, na mchicha wa Madiira, na ngogwe nyeupe ya Tengeru. Nduruma ina majani mapana, mama ntilie wanaupenda mana ukipikwa haupotei kwenye sufuria. Nendeni mkaulize, msiogope geti.

Mtu_wa_Ramani:

Naongezea upande wa ardhi mana watu wa kilimo huwa wanausahau. Kulima mjini sio kosa, kanuni za kilimo mijini zipo tangu 1992, na zile ziliruhusu mpaka ekari tatu kwa mtu na ng'ombe wanne wa kufungiwa ndani. Ila halmashauri nyingi zina sheria ndogo zinazokataa mazao marefu kama mahindi katikati ya makazi, kwaiyo mchicha na magunia mko salama, mtu wenu asije akachomeka mahindi katikati ya tuta kisa mvua imenyesha.

Cha pili, kama hicho kiwanja kiko karibu na mto pimeni. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto. Nawajua watu wanaolima pembezoni mwa Themi miaka yote na hawajaguswa, hilo ni lao, lakini ukiliweka kwenye andiko rasmi unakuwa umejishtaki mwenyewe kwa barua yenye muhuri.

Inaniuma kidogo kwamba wenzetu Nairobi wana sheria yao ya kaunti ya kilimo cha mjini tangu 2015, inataja kabisa kwamba mkazi wa mtaa wa hali ya chini apewe kipaumbele, sisi hapa mkulima wa mjini anaomba hela dirisha moja na muuza mitumba na mwenye saluni, hakuna anayemuuliza habari ya maji wala udongo.

Chalii_wa_Unga:

Themi usinikumbushe. Mi nimezaliwa hapa Unga L, maji yanapita gereji zote na vyoo vyote halafu kesho unaletewa figiri imeng'aa kinoma unaambiwa fresh. Dada Neema yenu mnamwagilia nini??

Neema_Sombetini:

Bomba kaka angu, ndio maana tunalia na hela ya maji. Mtoni sisi tuko mbali. Wateja wetu wengi wanakuja kwa sababu hiyo hiyo, wanaona tunabeba madumu.

Kijenge_mpaka_Detroit:

Habari za nyumbani. Mi mtoto wa Kijenge, sasa naishi Detroit huku Marekani na najitolea kwenye bustani ya mtaa, nimeona hii mada nimecheka kwa sababu maswali ni yale yale.

Huku hela ya bure kweli imewahi kutoka. Sheria ya kilimo ya 2018 iliunda ofisi nzima ya kilimo cha mjini ndani ya wizara ya kilimo, USDA, na ruzuku za kwanza zilianza kutoka 2020. Lakini msidhani bibi mwenye magunia anaingia mtandaoni anapewa. Wanaopewa ni mashirika, shule, serikali za miji, mtu binafsi haombi ile. Maombi yake yanataka mtu anayejua kuandika maombi, na mtaa wenye shida zaidi ndio hauna huyo mtu, kwaiyo hela iliyotajwa kwa ajili ya mitaa iliyosahaulika inaishia kwa shirika lenye ofisi nzuri jirani na hiyo mitaa. Hapo mna nafuu, nyie afisa wenu yuko kata hiyo hiyo mnaweza kumkalia mlangoni.

Kuna na mpango mwingine wa vitalu vya plastiki, huo mkulima mwenyewe anaomba, ila kawaida unajenga kwanza kwa hela yako ndio wanakurudishia sehemu. Baadae wakaona maskini hawawezi kutanguliza, wakaweka kwamba wakulima wa makundi yaliyoachwa nyuma wanaweza kupewa angalau nusu mapema. Yaani hata huku ilibidi mtu akumbushwe kwamba maskini hana hela ya kutanguliza.

Kilichonifanya niandike hasa ni haya magunia. Huku hatupandi moja kwa moja ardhini mpaka udongo upimwe, kwa sababu viwanja vitupu vilikuwa na nyumba zenye rangi ya zamani yenye risasi, madini yale ya sumu. Tunajenga masanduku ya mbao tunajaza udongo wa kutoka nje. Magunia yenu yanafanya kazi ile ile kwa bei ya chee. Sombetini na Unga Limited kuna viwanda na gereji, kwaiyo msiyaonee haya, yawekeni kwenye andiko kama sababu, semeni tunalima kwenye udongo tulioleta wenyewe na maji ya bomba. Hakuna kitalu cha milioni ishirini na tano kinachoweza kusema zaidi ya hapo.

mamaG_olasiti:

Kwa hilo la magunia naunga mkono. ila jamani tahadharini na samadi, kuna watu wanauza kirikuu nzima ya samadi mbichi imetoka bandani jana, ukiweka kwenye gunia inaunguza miche yote. Iliyoiva haina joto wala harufu kali, weka mkono ndani kabla hujalipa

Neema_Sombetini:

Jamani Mungu awabariki, nimewasomea wenzangu yote kwenye kikao leo, kitalu nyumba kimekufa kwa kura kumi na moja kwa moja (huyo mmoja ni shangazi yake kijana wa steshenari). Limebaki la kiwanja. Mwenye kiwanja ni baba mkwe wa mwenzetu, ni mtu mwema ila ni mzee, na tangu uwanja wa AFCON uanze kujengwa Olmoti kila mwenye kiwanja upande huu amekikumbuka. Watoto wake wako Dar wanapiga simu kila siku. Tukikopa halafu wakatutoa je?

Mstaafu_Maendeleo:

Hilo ndilo swali ambalo kamati itawauliza, bora mmelianza wenyewe. Nendeni kwa mzee mkiwa na huyo mkwe wake, mkae naye vizuri, mwandikiane makubaliano. Muda usipungue muda wa marejesho, kama mkopo ni wa miaka miwili makubaliano yawe miaka miwili na msimu mmoja juu yake. Wekeni kwamba akitaka kiwanja chake kabla ya hapo anawapa notisi ya miezi mitatu, mboga za majani zote zitakuwa zimeshavunwa. Mtoto wake mmoja kati ya hao wa Dar asaini kama shahidi, hata kwa kutumiwa karatasi kwenye basi, kwa sababu mzee akitutoka wao ndio mtakaoongea nao. Halafu mpeleke kwa mtendaji wa mtaa agonge muhuri. Mzee mpelekeeni mboga kila wiki, hilo haliandikwi ila lifanyeni.

Na kwenye vifaa chagueni vinavyohama. Msijenge msingi wa zege wa tenki, wekeni juu ya matofali yaliyopangwa. Mipira ya matone inakunjwa, neti inakunjwa, magunia yanapakiwa kwenye guta. Mkifukuzwa leo kesho mko kwenye uwanja wa mwingine na deni linaendelea kulipika. Hicho nacho kiandikeni, sentensi moja tu inatosha, wakaguzi wanapenda kuona mlifikiria.

Pasua_Mboga:

Mzee umemaliza. Naongeza kimoja, mkipata hela lipeni tenki na mipira wiki ile ile moja kwa moja kwa muuzaji, risiti mkae nazo, msiiache ikalala kwenye akaunti mana shida za watu zina pua, zinanusa hela ilipo. Karo, msiba, harusi ya mdogo wake nani, zote zitafika.

Chalii_wa_Unga:

Sawa nimewaelewa wazee, serikali nimeisamehe kwa leo. Dada Neema mnavu fungu sh ngapi, bi mkubwa ananiulizia kila siku ule usiokuwa wa mtoni

Neema_Sombetini:

Mia tatu, ukichukua kumi naongeza moja. Uje kabla ya saa kumi na mbili, na uje na mfuko wako.